Kombe, chaza, pweza na uduvi: madini gani hasa, na tupike vipi yasiishie kwenye maji ya kumwaga?

mchangani_wa_pwani anauliza:

Assalaam alaykum wadau wa lishe na wa jikoni.

Naandaa ratiba ya chakula ya wiki kwa nyumba ya watu sita. Kuna mjamzito wa miezi mitano, mtoto wa miezi tisa, wazee wawili (mmoja ana gauti), na watu wazima wawili wenye afya. Nyama ya ng'ombe ni ya mara moja kwa wiki. Vya pwani ndivyo vinavyopatikana: kombe na chaza wakati wa bamvua (bahari inapokupwa sana), tondo (konokono wa mikokoni), pweza, kamba pesa ikiruhusu, na uduvi mkavu sokoni mwaka mzima.

Kila mtu husema "vya gamba vinaongeza damu", lakini sijaona mtu akitaja kipimo. Naomba kujua: (1) Kipi kina chuma, kipi kina zinki, na kwa kiasi gani ukilinganisha na nyama? (2) Kombe huoshwa mpaka maji yawe meupe, je, hatumwagi kitu? (3) Mjamzito na mtoto wale kiasi gani, na nini wasiguse? (4) Mzee wa gauti afanyeje?

---

mpima_lishe

Wa alaykum salaam. Tuanze kwa kuvitenganisha, maana "vya gamba" ni jina la gunia, na kila kilichomo kina tabia yake.

Chaza ni wa zinki. Hakuna chakula cha kawaida kinachomfikia. Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linampa chaza wa Pasifiki, gramu 100 akiwa mbichi, miligramu 16.6 za zinki, 5.1 za chuma, 1.6 za shaba, mikrogramu 77 za seleni na mikrogramu 16 za vitamini B12. Chaza wa upande wa Atlantiki anazidi hapo kwa zinki, mara mbili na zaidi. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikishapikwa, ina zinki kama miligramu 6 na chuma karibu 3. Mjamzito anahitaji zinki miligramu 11 kwa siku, kwa hiyo gramu 70 za chaza zinamtosheleza. Chaza wetu wa mwambani na wa kwenye mizizi ya mikoko ni jamii nyingine, na kiasi hubadilika kutokana na maji anayoishi, lakini tabia ya kulimbikiza zinki na shaba wanayo wote.

Kome na kombe ni wa chuma na B12. Kome aliyechemshwa, gramu 100: chuma miligramu 6.7, zinki 2.7, manganisi 6.8, seleni mikrogramu 90, B12 mikrogramu 24. Mtu mzima anahitaji B12 mikrogramu 2.4 tu kwa siku, mjamzito 2.6. Yaani vipande vichache vinamaliza kazi, na ini huweka akiba ya iliyobaki.

Kombe ana jambo lake la pekee. Wengi wa viumbe wenye gamba mbili hawana damu nyekundu. Kombe anayo: kwenye chembe zake kuna himoglobini, ya familia moja na iliyo kwenye damu ya binadamu. Ndiyo maana ukimfungua mbichi anatoa maji mekundu. Chuma kilichoshikwa na himoglobini hufyonzwa vizuri kuliko chuma cha mchicha au maharage: asilimia 15 hadi 35 huingia mwilini, wakati cha mimea mara nyingi ni kati ya 2 na 20, kutegemea unakula pamoja na nini. Kwa hiyo swali lako la pili lina jibu moja. Ndiyo, mnamwaga. Kumfungua mbichi na kumsugua kwenye maji matatu mpaka yawe meupe ni kuosha chuma kile kile mlichokifuata.

Pweza watu humtegemea kwa damu kwa sababu ngozi yake huwa nyekundu ikipikwa. Wekundu huo ni rangi ya ngozi. Damu ya pweza ni ya buluu, inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Anastahili sifa kwa B12, seleni na shaba, na kwa protini isiyo na mafuta. Kuhusu chuma chake, majedwali yanatofautiana sana kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo msimpangie kazi ya kuongeza damu.

Kamba vilevile. Akipikwa anakuwa mwekundu kwa sababu rangi iitwayo astazantini inaachiwa na protini iliyokuwa imeificha. Chuma chake ni kidogo, hakifiki miligramu 1 kwa gramu 100 katika vipimo vingi vya sasa. Ana seleni na madini joto. Kama pesa ni chache na lengo ni damu, nunua kombe, mwache kamba.

Angalizo la mwisho kwa leo. Mtandaoni mtakuta kila mahali kwamba gramu 100 za kombe za kupikwa zina chuma miligramu 28. Namba hiyo ilitoka kwenye toleo la zamani la jedwali la Marekani, na ilihusu mchanganyiko wa jamii za kule. Matoleo ya baadaye yameishusha mpaka karibu 3. Tofauti ni ya mara kumi. Tope na mchanga vina chuma chao, na kiumbe asiyetemeshwa mchanga vizuri atasomeka na chuma kingi kwenye mashine, chuma ambacho utumbo hauwezi kukitumia vizuri. Mkipanga ratiba, hesabuni miligramu 3 hadi 7 kwa gramu 100 na mtakuwa salama.

---

jiko_la_mwambao

Naongezea upande wa jikoni, kwa kuwa hapo ndipo madini yanapookolewa au yanapopotea.

Kununua. Kombe wa fungu, aliyekwisha kuchemshwa na kutolewa ganda, maji yake yamekwisha kumwagwa ufukweni. Ukiweza, nunua na ganda lake, mzima. Mzima ganda limefumba, au likiwa wazi kidogo ukiligonga linafumba. Lililoachama na halijibu, tupa. Lenye uzito kupita wenzake, mara nyingi limejaa tope tupu: tupa pia, la sivyo litachafua sufuria nzima. Kilo moja na maganda yake hutoa nyama mbichi kama gramu 150 hadi 250, na ikipikwa hunywea tena kwa theluthi. Kwa hiyo nyumba ya watu sita, kwa mlo mmoja wa maana, hesabu kilo 3.

Kubeba. Kikapu au gunia lililolowa maji ya bahari, kivulini. Wasifungwe kwenye mfuko wa nailoni wala wasiloweshwe maji ya bomba. Nailoni inawakosesha hewa, maji baridi ya bomba yanawaua, na kombe aliyekufa kwenye joto la pwani huharibika kwa saa chache tu. Ukitumia barafu, weka kitambaa katikati na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea.

Kutemesha mchanga. Kombe anaishi mchangani, huyu lazima. Chaza wa mwambani hana haja, yeye anataka kusuguliwa ganda kwa brashi. Tumia maji ya bahari safi. Kama huna, lita moja ya maji na gramu 35 za chumvi, yaani vijiko viwili vya kulia. Watandaze kwenye chujio au ungo uliowekwa ndani ya beseni ili mchanga ushuke chini wasiuvute tena. Maji yawafunike kidogo tu, maana maji mengi yaliyotulia huishiwa hewa. Saa 3 hadi 6, kivulini, badilisha maji mara moja. Ukiwainua, wainue na ungo wao. Kumimina beseni zima ni kuwarudishia mchanga walioutema.

Kupika. Sufuria pana. Kombe kilo moja, maji kikombe kimoja tu (mililita 250), funika, moto mkali. Maganda huanza kuachama baada ya dakika 4 hadi 6. Hapo wengi huepua, na hapo ndipo wanapokosea: endelea kuchemsha dakika 5 kamili baada ya maganda kuachama. Yasiyoachama kabisa tupa. Epua, toa nyama kwenye ganda, acha yale maji yatulie dakika 10 mpaka vumbi la mchanga likae chini, kisha mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa safi. Kiasi cha kidole kimoja kinachobaki chini ndicho cha kumwaga. Ukiona nyama bado ina mchanga, isuuze ndani ya maji hayo hayo yaliyochujwa, uyachuje tena. Usiipeleke bombani.

Maji hayo ndiyo mchuzi. Yana potasiamu, magnesi, madini joto, sehemu ya B12 na damu iliyovuja. Tengeneza nayo mchuzi wa nazi, au pikia wali. Usitie chumvi mpaka uonje, kwa sababu bahari imeshatia. Tui liingie mwisho, na nyama ya kombe iingie baada ya tui kuchemka, dakika mbili tatu tu. Ukiiacha ichemke nusu saa inakuwa mpira, mtoto na mzee hawawezi kuitafuna, na ile himoglobini inavunjika, chuma chake kinaanza kufyonzwa kwa shida kama cha mimea.

Pweza haongezwi maji. Mfunike kwa moto mdogo, atatoa maji yake mwenyewe, apikwe humo mpaka aive.

---

maabara_na_mwamba

Yote mazuri, lakini mchuzi huo ni hazina endapo tu kombe ametoka mahali pasafi. Viumbe wa gamba mbili hula kwa kuchuja maji, na wanachochuja kinabaki kwao. Chuma na zinki vinalimbikizwa kwa njia hiyo, na uchafu pia.

Kuna mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Watu huyachanganya.

La kwanza ni vijidudu vya maji taka: homa ya matumbo, kipindupindu, homa ya ini aina ya A. Dawa yake ni moto. Lakini moto wa kweli. Mwaka 1988 mjini Shanghai watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A baada ya kula kombe wenye damu, jamii moja na hawa wetu. Walikuwa wakiwachovya kwenye maji moto kidogo tu, ganda liachame na damu ibaki nyekundu. Ganda huachama kabla ya kirusi kufa. Kipimo cha kimataifa ni joto la ndani ya nyama kufika nyuzi 85 hadi 90 kwa sekunde 90, na ndiyo sababu dakika tano alizotaja jiko_la_mwambao si za kupunguza. Chaza mbichi kwa ndimu: ndimu haiui kirusi hicho. Mjamzito, mtoto, mzee, mwenye ugonjwa wa ini au mwenye kinga dhaifu asiguse chaza mbichi hata mmoja.

La pili ni sumu ya vijimea vidogo vya baharini, ambayo wakati mwingine huja na maji kubadilika rangi kuwa mekundu au kahawia, au samaki kuelea. Sumu hii haifi kwa moto. Kuchemsha hakusaidii, na inayeyuka kuingia kwenye mchuzi. Maji yakibadilika rangi, msiokote kabisa, na subirini wiki kadhaa baada ya kusafika. Mtu akila na midomo, ulimi au vidole vikaanza kufa ganzi ndani ya nusu saa hadi saa mbili, apelekwe hospitali hapo hapo. Tatizo linaweza kufika kwenye pumzi, na hakuna dawa ya nyumbani.

La tatu ni metali nzito: kadimu, risasi, zebaki. Haziondoki kwa moto, wala kwa kutemesha mchanga saa sita, kwa sababu ziko ndani ya nyama. Dawa yake ni kuchagua mahali. Msiokote karibu na bandari, karakana za mashua, majalala, mifereji ya maji machafu wala midomo ya mito inayopita mjini. Mdomo wa Msimbazi kwa Dar es Salaam, au hori la Makupa kwa Mombasa ambako taka za mji zilimwagwa Kibarani kwa miaka mingi, si mahali pa kutafutia chakula cha mjamzito hata kombe wakionekana wanene. Wanene kwa sababu ya nini, ndilo swali.

Mvua za masika zikinyesha kwa nguvu, vyoo na mashamba vinaoshwa kuingia pwani. Pumzikeni kuokota angalau wiki moja baada ya mvua kubwa.

Kuhusu kadimu, sehemu inayobeba nyingi ni tezi ya chakula. Kwa kaa ni yale mafuta ya rangi ya kahawia au manjano ndani ya gamba. Ni matamu, najua watu huyagombania, lakini mjamzito na mtoto wapewe nyama nyeupe ya magando na miguu. Kwa pweza na ngisi, matumbo yote yatolewe.

Na kumbukeni kuwa mzio wa vya gamba husababishwa na protini, hasa ile iitwayo tropomiosini, ambayo haivunjwi na moto. Wanaosema ni mzio wa madini joto wanakosea. Mwenye mzio wa kamba bado anahitaji chumvi yenye madini joto kama mtu mwingine yeyote.

---

mchangani_wa_pwani

Ahsanteni sana, nimepata mwanga. Naomba kuongeza mawili. Hapa nyumbani chai ya rangi hunywewa pamoja na chakula, mchana na usiku. Halafu mjamzito anapewa vidonge vya FEFO (vya chuma na asidi foliki) kliniki, naye anauliza kama akila kombe mara tatu kwa wiki anaweza kuviacha, maana vinamfunga choo na kumtia kichefuchefu.

---

mpima_lishe

Asiviache. Tupige hesabu pamoja muone kwa nini nasema kwa uhakika.

Miezi ya katikati ya ujauzito mwili unahitaji chuma *kilichokwisha kuingia kwenye damu* kama miligramu 4 hadi 5 kila siku, na miezi mitatu ya mwisho zaidi ya 6. Sahani yenye gramu 80 za kome au kombe waliopikwa ina chuma hadi miligramu 5 hivi. Tuwe wakarimu, tuseme asilimia 20 inafyonzwa: miligramu 1. Na hiyo ni siku anayokula. Mara tatu kwa wiki, ukigawanya kwa siku saba, haifiki hata nusu miligramu kwa siku. Kidonge kina chuma miligramu 60 na asidi foliki mikrogramu 400. Hata kikifyonzwa kidogo, kinaleta ambacho sufuria haiwezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 kila siku kwa mjamzito, na himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 kwa miezi mitatu ya katikati) inahesabiwa upungufu wa damu. Asidi foliki nayo kombe hawaitoi ya kutosha.

Kwa kichefuchefu, ameze usiku kabla ya kulala na kipande kidogo cha chakula. Kwa choo, maji zaidi, matunda, mboga za majani. Ikishindikana aongee na muuguzi wa kliniki abadilishiwe aina au dozi. Na kama himoglobini haipandi pamoja na vidonge, iangaliwe malaria na minyoo ya safura. Safura hunyonya damu kwenye utumbo kila siku, na hakuna idadi ya kombe itakayoshindana nayo.

Kombe basi wana kazi gani? Wana mbili kubwa. Wanaleta zinki na B12 ambazo kidonge cha FEFO hakina. Na nyama yoyote ya kiumbe, hata kidogo, husaidia chuma cha maharage na mboga kilicho kwenye sahani ile ile kufyonzwa vizuri zaidi. Gramu 40 za kombe juu ya mchicha na maharage zina thamani kuliko gramu 40 zilizoliwa peke yake.

Sasa chai. Kikombe cha chai ya rangi pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu, hadi asilimia 60 hivi. Kahawa inafanya hivyo pia, kwa nguvu ndogo zaidi. Isogezeni: saa moja kabla au saa moja na nusu baada. Kama kuna badiliko moja tu mtakalofanya nyumba nzima, liwe hili. Halina gharama.

Mahali pa chai wekeni tunda. Pera gramu 100 lina vitamini C zaidi ya miligramu 200, chungwa kama 50, embe 36 hivi. Ndimu ikamuliwe mezani, juu ya chakula kilichokwisha pakuliwa, kwani vitamini C huharibika ikichemka.

Ugali wa dona na maharage vina asidi ya fitiki ambayo hushika chuma na hasa zinki, ikatoka navyo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo (haya mwageni bila huruma), pika kwa mapya. Uji ukichachushwa siku moja kabla ya kupikwa hupunguza fitiki pia. Vidonge vya kalsiamu, kama kliniki imempa, visimezwe pamoja na FEFO, viachane kwa saa mbili au zaidi.

Zinki ina mpaka wake: miligramu 40 kwa siku kwa mtu mzima kwa kula mfululizo. Ikizidi kwa muda mrefu inazuia shaba kufyonzwa, na kukosa shaba nako huleta upungufu wa damu. Sahani ya chaza mara moja au mbili kwa wiki haina tatizo, tena chaza huja na shaba yake. Tatizo ni anayekula chaza na kumeza vidonge vya zinki kila siku bila kuambiwa na daktari.

---

uduvi_na_uji

Mtoto wa miezi tisa: huyu ndiye mwenye uhitaji mkubwa nyumbani humo kwa kulinganisha na ukubwa wa tumbo lake. Chuma anachohitaji kwa siku ni miligramu 11, kupita baba yake ambaye 8 zinamtosha. Akiba aliyozaliwa nayo ilianza kuisha akiwa na miezi sita, na maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana chuma kidogo.

Anzeni na kitu kimoja. Siku ya kwanza robo kijiko cha chai cha kombe aliyeiva kabisa na kusagwa laini, asubuhi au mchana, asiwe na mafua wala homa, na pasiwe na chakula kingine kipya siku hiyo. Mwangalieni saa mbili: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa shida. Pumzi ikibadilika, hospitali mara moja. Akiwa salama siku mbili tatu, pandeni polepole mpaka kijiko kimoja cha kulia kwa mlo, mara tatu nne kwa wiki. Dagaa, yai, ini au samaki vijaze siku nyingine.

Kombe na pweza ni wagumu na wanateleza, mtoto anaweza kupaliwa. Wasage au wapondwe kwenye kinu mpaka wawe kama tope, kisha mchanganye na kiazi au ndizi ya kupikwa. Vipande vya kutafuna bado. Na ule mchuzi uliochujwa una chumvi nyingi kwa figo zake. Kijiko kimoja cha kulainishia si kitu, kikombe kizima hapana.

Uduvi ndio rafiki wa msimu wa maji mafu (bahari isipokupwa sana), wakati hakuna kombe. Analiwa mzima na gamba lake, kwa hiyo analeta kalsiamu nyingi kuliko nyama ya kombe. Kasoro zake ni mchanga, chumvi na ukungu. Nunueni mkavu anayekatika ukimkunja, mwenye harufu ya bahari. Akiwa na harufu ya kuchoma pua kama ya mkojo, ameoza kabla ya kukauka. Peteni kwenye ungo, suuzeni haraka kwa maji mawili bila kuloweka, kausheni tena juani au kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10 huku mkikoroga, kisha twangeni na kuchekecha kwa chekecheo la unga. Unga huo ukae kwenye chupa kavu yenye kifuniko, utumike ndani ya wiki mbili tatu. Kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli la uji wa mtoto kinatosha, baada ya kumjaribu kama nilivyoeleza hapo juu, na uji huo msiutie chumvi nyingine. Msigeuze hiyo kuwa sababu ya kununua chumvi isiyo na madini joto kwa ajili ya watu wazima. Uduvi na kombe hutofautiana sana kwa madini joto, chumvi ya pakiti ndiyo ya kutegemea.

---

jiko_la_mwambao

Nimeona mzee wa gauti amesahauliwa, na kwake mambo yanageuka.

Gauti hutokana na asidi ya yuriki, nayo mwili huitengeneza kutokana na purini. Vya gamba vina purini nyingi kiasi, na purini huyeyuka kwenye maji. Maana yake ni kwamba mchuzi tuliouhifadhi kwa bidii kwa ajili ya wengine, kwake ndio mbaya zaidi. Supu ya pweza na mchuzi wa kombe asipewe. Kiungo kikiwa kimevimba na kuuma, vya gamba viondoke kabisa kwake mpaka kitulie. Akiwa mzima na daktari hajamkataza, gramu 50 hadi 60 mara moja kwa wiki, zilizochemshwa kwenye maji mengi yaliyomwagwa. Tenga sufuria yake ndogo kabla ya kuunganisha mchuzi. Uduvi mkavu asiutumie, umekusanya purini kwenye uzito mdogo. Protini yake itoke kwenye maziwa na mayai.

Mzee wa pili, kama hofu ni lehemu: kamba na ngisi wana lehemu nyingi lakini mafuta yanayoziba mishipa ni kidogo sana kwao. Kinachoharibu ni kuwakaanga kwa mafuta mengi. Wachemshe au wachome.

---

mchangani_wa_pwani

Hapa nimejifunza, kumbe sufuria moja haiwezi kuwa ya wote. Nimepanga hivi: Jumatatu na Alhamisi kombe na mchicha, chai saa mbili baadaye, Jumamosi chaza, uduvi kwenye uji siku nyingine. FEFO usiku. Swali la mwisho: tondo. Hakuna aliyemgusa.

---

maabara_na_mwamba

Ratiba nzuri. Katika wiki za maji mafu, kombe hawatapatikana wabichi, kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi wekeni dagaa au maini ya kuku badala ya kurukia fungu la juzi.

Tondo anakula matope na majani yaliyodondoka ya mikoko, na sehemu yake ya mwisho, ile nyeusi iliyojikunja kwenye ncha ya ganda, ndiyo tumbo na tezi. Imejaa tope, na metali zikiwepo huwa hapo. Mchemsheni dakika 15 hadi 20 tangu maji yaanze kutokota, kwa kuwa ganda lake nene huchelewesha joto kufika ndani. Kata au vunja ncha ya ganda, vuta nyama kwa mwiba au pini, ng'oa kile kifuniko kigumu cha mdomoni, kisha kata sehemu yote nyeusi na kubakisha msuli mweupe hadi kijivu. Maji yake ya kuchemshia mwageni, hayafanani na ya kombe, yamejaa tope la mkokoni ambalo kitambaa hakilizuii. Msuli uliobaki ni mgumu: ponda kwa mchi kabla ya kuupika kwenye nazi. Kwa mtoto mwacheni kwanza.